Mama Mashuka na Tela la Mashua

Hospitalini walimwita Mama Mashuka, na hakuna aliyekumbuka ni nani aliyeanza. Alikuwa msimamizi wa chumba cha dobi, ghorofa ya chini kabisa, ambako mabomba ya mvuke hupita juu ya vichwa na kuta hutoka jasho hata siku za baridi. Kwa miaka ishirini na sita alipokea mashuka machafu kutoka wodini na kuyarudisha yamenyooka, yamekunjwa pembe kwa pembe. Akilishika shuka kwa vidole viwili tu, alijua limebakiza miezi mingapi kabla ya kuchanika. Na toroli za nguo zilipokuwa zikija kwenye korido, alizitambua kwa sauti kabla hazijakata kona: ile ya upasuaji, ile ya wazazi, ile ambayo gurudumu lake litagoma kabla ya mwisho wa wiki.

Lakini mwili hauna kiinua mgongo. Magoti yalikuwa yameanza kumsema. Jioni alifika nyumbani, akavua viatu mlangoni, akakaa kwenye stuli iliyokuwa pale, mkoba ungali begani, mpaka apate nguvu za kufika jikoni. Mumewe alikwisha kutangulia mbele ya haki, watoto walikuwa kwao. Hapakuwa na wa kumuuliza mbona umekaa.

Siku moja, akiwa kwenye stuli ile ile, mdogo wake alipiga simu kutoka ng'ambo.

"Dada, shikamoo. Umechoka?"

"Marahaba. Nimechoka."

"Pole sana, Dada. Sasa, kuna kitu kidogo tu."

Mama Mashuka alifumba macho. Huyu alikuwa kitindamimba wao, wa tano, na wazazi walipofariki yeye ndiye aliyemlea, akamsomesha mpaka akawa fundi wa lifti. Vitu vidogo vyake alivijua. Kitu kidogo cha kwanza kilikuwa paka, naye akazaa. Cha pili kilikuwa pikapu kuukuu aliyoachiwa mwaka jana kijana alipopata mkataba wa kazi nje: "Uiwashe tu mara moja kwa wiki, Dada, isije ikalala." Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini hawakusema unabeba makanda mangapi.

Kitu kidogo cha sasa kilikuwa mashua. Kijana alikuwa na mashua ndogo ya tanga, ya watu watatu, aliyoiacha kwenye klabu ya mashua kando ya ziwa. Klabu ilitaka kujenga upya gati lake. Chombo ambacho kingekuwa hakijaondolewa kufikia Jumamosi ya wiki ya pili kingetupwa, na hasara juu ya mwenyewe.

"Si una pikapu? Unaivuta tu mpaka kwako, unaiweka uani."

"Naivuta kwa kamba, kama mbuzi?"

"Hapana, Dada. Kwa tela."

"Tela liko wapi?"

"Nililiuza kabla sijasafiri. Lilikuwa linakula nafasi. Ila matela ya mtumba yapo tele, Dada. Pesa ntakutumia leo leo."

Pesa kweli alituma. Kwa hilo hawezi kulaumiwa. Alichokuwa hatumi ni miguu.

Ndipo Mama Mashuka alipoanza kutafuta tela, yeye ambaye hajawahi kukanyaga mashua maishani mwake. Alipiga simu wakati wa mapumziko, ameegemea rundo la mataulo, kidole kimoja sikioni kuzuia ngurumo za mashine. Wa kwanza alikuwa na tela la kubebea viti vya sherehe. Wa pili hakuwa na tela, alikuwa na picha yake. Wa tatu, dalali mwenye uwanja nyuma ya duka la matairi, alimwambia aje upesi, maana watu watano walikuwa njiani.

Alikwenda baada ya zamu. Watu watano hawakuwapo. Tela lilikuwapo, limepakwa rangi ya buluu inayong'aa mpaka likaumiza macho.

"Mama, hili ni kama limetoka kiwandani jana," dalali alisema.

"Rangi ndiyo ya jana," Mama Mashuka akajibu. Alipitisha kiganja chini ya chuma kirefu cha katikati, kama anavyopitisha kwenye upindo wa shuka, akahisi uvimbe. Akatoa ufunguo mkobani, akakwaruza. Likabanduka ganda kubwa la kutu na buluu yake, na nyuma yake pakabaki tundu la kupitisha ngumi.

"Hapo fundi anaziba dakika mbili," dalali alisema bila hata aibu. "Na bei tunashuka."

"Shuka peke yako, baba. Rahisi huvunja upishi."

Akarudi nyumbani, akakaa kwenye stuli yake. Zilibaki siku sita.

Kesho yake, ukutani pa duka la vifaa vya ujenzi, aliona karatasi iliyoandikwa kwa mkono, herufi kubwa kubwa kama za mtoto: *Linauzwa tela la mashua ndogo. Wenye haraka wasipige.* Alikuwa na haraka, na akapiga.

Mwenye tela alikuwa mzee wa miaka sabini na kitu, mpimaji wa ardhi aliyestaafu, na mtaa mzima ulimwita Mpimaji. Aliishi na mkewe kwenye nyumba ya vyumba vitatu. Pembeni palikuwa na banda la bati, na chini yake tela limesimama juu ya mbao, halina rangi mpya wala hadithi nyingi. Hakumwonyesha mara moja. Alimkalisha kwenye benchi, akaanza kumhoji kama mtu anayeozesha.

"Mashua yako ina urefu gani?"

"Si yangu, mzee, ni ya mdogo wangu. Mita nne na kitu."

"Na kitu gani?"

"Kitu ndio hicho sijui."

Mpimaji alitikisa kichwa. "Nimepima ardhi miaka arobaini, mwanangu. Hiyo 'na kitu' ndiyo iliyowapeleka ndugu wa tumbo moja mahakamani. Tela la mashua si godoro, kwamba ukilala utajikunja. Mashua ikizidi, inavunjika mgongo."

Mama Mashuka alimpigia kitindamimba hapo hapo, akapata jibu: mita nne na sentimita ishirini na tano. Mzee akaridhika, akamruhusu akague. Chuma kilikuwa kizima. Roli za mpira ambazo mashua hukalia zilikuwa zimechakaa kidogo, winchi ya kuivutia mashua ilizunguka. Akaomba jeki. Tela liliponyanyuliwa, akazungusha gurudumu la kulia, likaenda kimya. Akazungusha la kushoto, akafumba macho.

Ndani mle, chini kabisa ya mzunguko, palikuwa na mkwaruzo mdogo, kama mtu anayetafuna mchanga kwa siri.

"Mzee, hii beringi imekwisha."

"Haiwezekani. Nililitia grisi kwa mikono yangu."

"Lini?"

Mpimaji alifikiri. Kutoka mlangoni sauti ya mkewe ikamjibia: "Mwaka aliozaliwa mjukuu wetu wa kwanza. Sasa yuko darasa la sita."

Mzee alileta spana, na hapo ndipo Mama Mashuka alipoona jambo. Hakuzitazama namba kwenye spana, alizipapasa kwa ncha ya kidole gumba mpaka akaipata ya kumi na tisa. Walipofungua kitovu cha gurudumu, grisi ilikuwa imekauka kama lami, na gololi zimeliwa na kutu. Mzee aliinamisha shingo pembeni, kama kuku anayetazama mwewe, ili azione.

"Ni macho," alisema taratibu. "Katikati pana doa. Nikikutazama usoni sikuoni. Nikilitazama sikio lako, naiona pua. Daktari amenikataza usukani. Wa gari na wa mashua pia." Akafuta mikono kwa kitambaa, akafuta tena ingawa ilikuwa imetakata. "Ungeondoka nalo hivi, gurudumu lingechomoka barabarani. Nisamehe, mwanangu. Peleka pesa yako kwingine."

"Mzee, nina siku tano na magoti mawili," alisema Mama Mashuka. "Sina pa kwenda kwingine. Tununue beringi, tulitengeneze."

Alhamisi, alipotoka kazini, walilitengeneza. Mzee alijua kila kitu kinakaa wapi, yeye mama alikuwa na macho na masikio. Walisafisha kwa mafuta ya taa, wakagonga beringi mpya taratibu kwa kipande cha mbao, wakajaza grisi kwa vidole mpaka ikavuja. Gurudumu lilipozungushwa, hapakusikika kitu. Bei waliikubali bila mvutano, gharama ya beringi ikatolewa humo humo.

Mke wa mzee alileta chai. Mama Mashuka alikishika kikombe kwa mikono miwili, mwili wote ukimuuma, akauliza neno ambalo hakujua limetoka wapi.

"Huko ziwani, upepo ukikosekana, mnafanya nini?"

"Tunakaa."

"Mnakaa tu?"

"Tunakaa tu. Utafanya nini? Huwezi kuusukuma upepo."

Neno lile alilala nalo. Akiwa anakunja mashuka Ijumaa alijikuta akifikiri: mashua ikishafika uani, nani atakataza isirudishwe ziwani siku moja? Mara moja tu. Aende akakae mahali ambapo hapana simu, hapana korido, na mtu hawezi kumwambia kuna kitu kidogo. Hakumwambia mtu. Katika umri wake aliona ni upuuzi.

Siku hiyo hiyo ya Ijumaa Mpimaji alimfundisha kurudisha tela nyuma, kwenye kiwanja kitupu cha shule. Kwenda mbele na tela ni kazi ya kila mtu. Kurudi nyuma ndiko kunakovunja ndoa. Ukikata kulia, lenyewe linakwenda kushoto. Mara nne tela lilijikunja kama kisu cha mfukoni.

"Acha kufikiri," mzee alimwambia kutoka dirishani. "Shika usukani kwa chini, mkono mmoja. Unataka mkia uende upande gani? Upeleke mkono upande huo huo. Polepole. Huyu ni punda mzee, hapendi kuvutwa sikio."

Mara ya tano likanyooka. Mara ya sita pia. Walipata mpaka ya kumi, kisha kabla giza halijaingia akamrudisha mzee kwake, naye akajiegemeza kwenye mlango wa gari na kusema, "Kesho ntakuja na wewe. Kuna kamba zinazotaka kufungwa, na vidole vyangu bado vinaona."

Jumamosi, saa tatu asubuhi, walifika klabuni. Palikuwa na shughuli kweli kweli: watu wanapandisha vyombo, wanaitana, wanapeana ushauri ambao haukuombwa. Mashua ya kitindamimba ilikuwa bado majini, imefungwa kwenye gati, nyeupe yenye mstari wa kijani. Ndani yake mwanamume mwembamba mwenye miwani alikuwa anaipangusa kwa sponji, kwa upole kama anayeogesha mtoto.

"Samahani, kaka," Mama Mashuka alimwambia. "Hiyo ni mashua ya mdogo wangu."

Yule bwana alisimama, mashua ikayumba, naye akashika mlingoti. "Ilikuwa yake, mama. Nimeinunua Jumatano."

Alikuwa mwalimu wa muziki wa shule ya karibu, na hakuwa tapeli. Alitoa simu yake, akaonyesha yote: mazungumzo, makubaliano, hati yenye sahihi. Sahihi ile Mama Mashuka aliijua, yeye ndiye aliyemfundisha mdogo wake kuandika jina lake.

Alirudi penye tela, akaketi juu ya chuma chake, akapiga simu.

"Aah, Dada!" kitindamimba alisema. "Lo, nilisahau kukwambia! Jamaa alinitafuta ghafla, nikaona heri niiuze, wewe usisumbuke. Si ulikuwa hujapata tela bado?"

"Jumatatu nilikuuliza urefu wake."

"Ndiyo, lakini nilidhani..." Alidhani nini, hata mwenyewe hakujua.

Mama Mashuka hakupiga kelele. Kelele zinataka nguvu. Alikata simu, akaiweka mapajani, akatazama maji. Alitegemea kusikia hasira, kwa kuwa hasira ndiyo ilikuwa haki yake. Badala yake alijikuta akiisikitikia mashua, mashua ambayo wiki mbili nyuma hakutaka hata kuisikia. Mpimaji alikuja akakaa kando yake, tela likalia kidogo kwa uzito.

Mwalimu wa muziki alikuwa anawakaribia, anajikuna shingo. "Mama, samahani sana kwa hili. Mimi nilipanga kuivusha ng'ambo ya ziwa kwa tanga, kwa rafiki yangu, lakini tangu alfajiri upepo unakuja na kuondoka. Na saa kumi wanafunga." Akalitupia jicho tela. "Hilo tela... lina mwenyewe?"

Mama Mashuka alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, cha mtu aliyeishiwa, lakini kilikuwa kicheko.

"Lina wenyewe wawili," alisema. "Muulize huyu mzee kwanza."

Mpimaji alijiweka sawa. "Mashua yako ina urefu gani?"

"Mita nne na sentimita ishirini na tano," mwalimu alijibu mara moja.

"Endelea," mzee akasema, na uso wake ukalainika. Akamhoji atailaza wapi, itafunikwa kwa nini, beringi zitatiwa grisi mara ngapi kwa mwaka. Bei ilikuwa ile ile, na ya beringi juu. Mama Mashuka hakutaka senti zaidi, alitaka tu jambo liishe.

Lakini kabla ya kuipakia, mwalimu alitaka kuijaribu, maana upepo ulikuwa umerudi. Hakuwa mzoefu, akamwomba mzee amwongoze. "Na wewe mama, karibu. Nafasi ipo ya watatu."

Mama Mashuka aliitazama ngazi ya gati, vipandio vyake sita vinavyoteleza, na pengo kati ya kipandio cha mwisho na mashua. Alitamani kusema ndiyo, na magoti yakajibu kabla yake.

"Nendeni nyinyi. Nimechoka. Nitalinda tela."

Akawaona wakitoka. Mpimaji alikaa nyuma, mkono kwenye usukani wa mashua, na hakutazama mbele hata kidogo. Aliinua uso juu na kuugeuza huku na huku, shavu kwa shavu, akiutafuta upepo kwa ngozi, na tanga likajaa, na mashua ikainama na kwenda, na sauti yake, mzee yule mkavu, ikasikika mpaka gatini akimwambia mwalimu aachie kamba, aachie, asishindane nayo. Mama Mashuka alivua viatu, akaweka miguu kwenye nyasi. Alikuwa na wivu, naam. Lakini pia alikuwa amekaa.

Waliporudi, suruali ya mzee ilikuwa imelowa mpaka magotini, na macho yake nayo yalikuwa na maji, ya ziwa au yake mwenyewe. Mama Mashuka akapanda pikapu. Wanaume wa klabuni walijipanga kumwelekeza: kulia mama, hapana kushoto, kata, kata! Alifunga kioo. Akashika usukani kwa chini, mkono mmoja. Tela lilishuka kwenye mteremko likaanza kwenda upande. Akasogea mbele, akalinyoosha, akarudi tena, mpaka magurudumu yakaingia majini sawa sawa kati ya nguzo mbili. Kelele zikakoma. Mmoja akasema, "Huyu mama ni dereva wa malori nini?"

Mashua ilivutwa kwa winchi ikakaa kwenye roli zake. Mwalimu alianza kuliviringisha tanga kama mkeka wa kutupwa, na hapo Mama Mashuka akashindwa kuvumilia.

"Leta hapa. Shika pembe hizo mbili. Rudi nyuma, livute. Sasa njoo kwangu." Wakalikunja hivyo, wakikutana na kuachana, mpaka likawa kifurushi cha kubebwa kwapani. Alilipapasa kwa vidole viwili. "Lina misimu miwili. Hapa pembeni pataanza. Ukiona uzi umechomoza usikate, pashone."

Mwalimu alimwandikia namba yake nyuma ya risiti. Alisema Jumamosi yoyote, hata bila taarifa. Kisha gari la shemeji yake likafika, tela likafungwa nyuma yake, likaondoka na mashua juu, mstari wa kijani ukipotea kwenye kona.

Njiani kurudi, simu iliita. Alisimamisha gari pembeni akaipokea.

"Dada, umekasirika?"

"Nimechoka, mdogo wangu. Nisikilize. Mwezi mzima usinitume kitu. Kikubwa wala kidogo. Ukitaka kunisalimia, nisalimie, nitafurahi."

"Nimekosa, Dada," alisema, na safari hii sauti ilikuwa ya mtoto aliyevunja kitu. "Sawa. Mwezi mzima."

Tuseme ukweli: alijitahidi wiki tatu.

Mke wa Mpimaji aliwapokea uani, akaitazama suruali ya mumewe juu mpaka chini. "Daktari alisema usiguse usukani wa aina yoyote."

"Sikuutazama," mzee akajibu, akapita kwenda kubadilisha.

Chini ya banda la bati, pale lilipokuwa tela, nguo zilikuwa zimeshaanikwa. Bibi akamvutia mgeni kiti chenye mto, akaenda kupasha chai. Aliporudi na sinia akamkuta Mama Mashuka kichwa kimelala begani, mdomo wazi kidogo, mkoba umeanguka chini. Mzee alitoka na suruali kavu, akafungua kinywa kusema neno, mkewe akamwekea kidole midomoni. Kisha bibi akakifunika kwa sahani kikombe cha mgeni, wao wawili wakanywa vyao wakiwa wamesimama jikoni.